Mtangazaji Amesimama Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ndiye mwenye masikio makali kuliko binadamu wote waliowahi kuzaliwa. Sijisifu. Naandika ukweli ili watakaokuja nyuma wasije wakadanganywa. Mama husema siku niliyozaliwa nililia mpaka mkunga akaziba masikio. Si kweli. Nilikuwa najaribu maikrofoni.

Na mtu mwenye masikio kama haya nyumbani anasikiliza nini? Spika za Babu! Zilinunuliwa mbili, hazina waya, za kukaa kwenye rafu ya vitabu. Moja ilikufa zamani. Aliyebaki namwita Mjane. Ana kitufe kimoja cha kuzungusha, redio imo humo humo tumboni mwake, na besi ikipita anakoroma kama fundi bomba aliyeshiba. Rafu yenyewe aliichonga Babu, enzi bado seremala na bado ana macho. Vitabu haina. Ina pasi, vikombe sita, na kamusi yangu ya shule, ambayo niliacha kuifungua siku ile ile shule iliponiacha mimi.

Leo nimevuka barabara kwenda kunyoa. Nikamkuta Kinyozi ana spika mpya. Mbili! Nyeusi, nyembamba, zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Kinyozi huyu huyu, mtu asiyeweza kupita nyuma ya sikio la mteja bila kumwomba radhi! Nikamuuliza kazitoa wapi. Akaniambia, Mtaalamu, tazama kwa macho, mikono weka mfukoni. Ananiita Mtaalamu. Kwa heshima, nadhani.

Nimerudi nyumbani nina majonzi. Mjane alikuwa anasoma habari za saa sita. Nikamtazama, nikaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima.

Jumanne, 4 Machi

Siri ya Kinyozi nimeing'amua. Spika zake hazimpendezi! Kanilalamikia leo bila hata kuombwa. Mteja wa kiti cha kushoto anasikia gitaa tupu, wa kiti cha kulia anasikia ngoma tupu, na mzee mmoja kauliza mwimbaji kahamia wapi. Hizi, anasema, zinataka mtu akae katikati atulie kama anapigwa picha ya kitambulisho. Sasa humu ndani nani akae katikati? Katikati, anasema, nasimama mimi na wembe. Anachotaka ni spika moja yenye mdomo mpana, imwage kila kitu mahali pamoja.

Spika moja. Mdomo mpana. Kichwa changu kiliwaka taa zote!

Nimekaa nikapanga. Tatizo ni Babu. Babu haoni tangu nilipokuwa darasa la nne, lakini ndani ya nyumba hii hashikwi mkono na mtu. Tunalala chumba kimoja. Asubuhi mimi nafungulia redio, yeye anafika mlangoni kwetu, anasimama, anainua kidevu, anasikiliza redio inatokea upande gani, kisha anaifuata moja kwa moja mpaka kwenye rafu. Kiti chake kiko chini ya rafu. Anakaa. Hajawahi kukikosa hata kwa shibiri. Nilimuuliza zamani kwa nini asihesabu hatua kama vipofu wengine. Akasema kuhesabu hatua ni kazi ya askari, yeye anakwenda panapozungumzwa.

Na kuna Shangazi. Mwaka jana Babu aliteleza bafuni, Shangazi akaja mbio, akasema mbele yetu sote kwamba akianguka mara moja tu tena, anamchukua akakae kwake. Babu akamjibu kwamba yeye si gunia. Lakini Shangazi ndiye mtoto wa damu, Mama ni mkwe tu, na Baba alikwenda kutafuta kazi, huu mwaka wa sita bado anaitafuta. Kwa hiyo neno la Shangazi likishatoka limetoka. Kwake ni ghorofa ya nne. Babu anasema kule atakuwa kasuku, ila kasuku huachiwa aseme.

Sasa, haya yote yanahusiana vipi na spika? Hayahusiani. Sauti ni sauti. Nimemaliza kupanga.

Jumatano, 5 Machi

Mambo yamejibu! Masharti ndiyo haya. Mimi natoa Mjane pamoja na maiti ya mumewe, na nafagia nywele kwa Kinyozi asubuhi zote za wiki mbili. Yeye anatoa zile mbili mpya. Akauliza kama mzee amekubali. Nikamwambia mzee ndiye aliyenituma. Akanitazama, wembe hewani, mteja ana povu nusu uso. Akasema haya, Mtaalamu, ila usisahau, hizi zinataka mtu wa kukaa katikati. Nikamwambia wa katikati ndiye mimi.

Mama asijue! Alishasema Mjane asiguswe hata kwa kupanguswa vumbi. Lakini Mama anapiga pasi mashuka ya hoteli kutwa nzima, akirudi jioni kitu pekee anachokiona ni godoro. Kwa hiyo: spika ya kushoto nimeiweka kwenye rafu, nikaifunika kile kitambaa cha kufuma alichokuwa anajifunika Mjane. Ya kulia ikapanda juu ya friji. Nimeiingiza ndani ya katoni ya sabuni, nikatoboa tundu, nikaweka yale maua ya plastiki mbele. Sanaa! Watu huenda shuleni miaka minne kujifunza upuuzi mkubwa kuliko huu.

Baina ya rafu na friji upo mlango wa nyuma, wa kutokea uani. Upande wa pili wa sebule, mkabala nao, ndio mlango wa chumba chetu. Nikaweka kiti kwenye mstari huo huo, kwa pembeni kidogo. Nikafungua redio kwenye simu.

Ee! Mtangazaji hakuwa kwenye rafu. Wala hakuwa kwenye friji. Alikuwa amesimama mlangoni! Pale pale kwenye mlango wa nyuma, mzima mzima, kimo cha mtu, ningeweza kumrekebishia tai. Nikazima. Nikawasha. Bado yupo. Nikaegemea kushoto, akanifuata. Nikarudi, akarudi.

Nimejua leo maana ya kuwa tajiri.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi haikuanza vizuri. Kumbe hizi spika zikiamka huzungumza. Ndani yake yumo mwanamke, anatangaza kwa Kiingereza kwamba yuko tayari na ameshika simu. Babu alikuwa anafunga vifungo vya shati. Akasimama wima, akasema, karibu mama, samahani umetukuta hatujajiandaa. Kisha akaniuliza kwa kunong'ona huyu mgeni ni wa nani. Nikamwambia ni tangazo la biashara.

Halafu mtangazaji akaanza habari. Babu akafika mlangoni kwetu, akainua kidevu. Akasikiliza. Akasikiliza tena. Akasema kuna mtu kwenye mlango wa nyuma. Nikasema hakuna mtu, Babu. Akasema yupo, namsikia. Kisha akapaza sauti: Bwana, ingia ndani, mbona umesimama hapo kama umeleta barua ya serikali?

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nikamshika mkono nimpeleke kitini. Akautoa mkono wangu taratibu, kama mtu anayeondoa sisimizi. Akauliza redio yake iko wapi. Nikamwambia ipo pale pale, nimeisafisha koo tu, ndiyo maana haikoromi. Akasema basi hapo ndipo ulipoiharibu, kijana. Akaenda kwa kupapasa ukuta. Alichukua muda. Aligonga friji mara moja.

Nikaenda kufagia nywele. Sasa, redio ndiyo simu, na simu ni yangu, nikitoka inatoka nami. Nilimwacha kitini kimya, akasema afadhali arudi kitandani. Niliporudi saa saba nikamkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, kofia kichwani, fimbo magotini, kama abiria. Nikauliza mbona hukutoka? Akasema anangoja redio iamke.

Nimefurahi kwamba amepata mapumziko.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Naiandika kwa kifupi. (Sitaweza.)

Asubuhi nilikuwa nafagia. Kinyozi hakuwa na mteja, akavuka barabara akaegemea ukuta wetu, penye kivuli, akatazama vichekesho kwenye simu yake. Kumbe spika hazijamsahau! Kama mke wa zamani, alipokaribia tu zikaikimbilia simu yake. Kinyozi akabaki anajiuliza simu yake mbona imekuwa bubu. Kule ndani, kwenye mlango wa nyuma, mwanamume akawa anacheka kwa nguvu zake zote.

Nilimkuta Babu kasimama katikati ya chumba chetu, fimbo imeinuliwa. Akaniuliza, huyu bwana wa mlangoni, leo kuna nini cha kumchekesha? Hakuwa anatania. Nikafikiri upesi. Nikamwambia amekwishaondoka.

Mchana ndipo alipoingia Shangazi, bila taarifa, mikoba miwili. Spika nilikuwa nimezizima. Nilikuwa nachemsha chai nikamsikia Babu anamsimulia. Kwamba kuna bwana mmoja husimama kwenye mlango wa nyuma kila asubuhi, anasoma habari, ukimkaribisha haingii. Leo kacheka. Na kuna mama mmoja Mzungu anayeamka nao. Huyo hana neno baya, ila hasalimii.

Hata kijiko niliogopa kukiweka.

Shangazi akaniita uani. Akaniuliza tangu lini. Nikasema tangu lini nini, Shangazi? Akaniuliza, wewe umewahi kumwona mtu hapo mlangoni? Nikasema sijawahi. Na sijawahi! Haki ya Mungu, sijasema uongo hata wa kipande cha neno. Akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio.

Jioni Mama aliporudi wakaongea kwenye kamba ya nguo. Shangazi akamwambia, wifi, kichwa cha Baba kinaondoka. Mama akasema yeye hajaliona hilo, wifi, mzee jana tu kamtania kuhusu chumvi. Shangazi akasema wewe kutwa uko kazini, wifi, utaonaje? Mama alikuwa ameshika shuka letu, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Neno moja tu lilitosha. Spika. Herufi tano. Nilikuwa nimeufungua mdomo.

Lakini nikafikiria. Nikisema, Mjane anarudi. Na mimi nimeshafagia siku mbili! Nani atanirudishia hizo siku?

Nikafunga mdomo. Nikaingia kunywa chai.

Jumamosi, 8 Machi

Uvumbuzi mkubwa! Nilikuwa na tatizo la besi. Mlango wa nyuma ukifungwa kwa komeo, besi ikija unagonga kwenye fremu yake, gwa gwa gwa, kama meno ya mtu mwenye homa. Inaharibu kila kitu. Mtangazaji anakuwa kama anasoma habari huku anapigwa makofi.

Sheria ya Mama: komeo likae limefungwa muda wote Babu yuko macho. Nje ya mlango ule kuna ngazi tatu za saruji, hazina pa kushika. Sheria nzuri. Lakini Mama hajasomea sauti.

Nimeufungua mlango mpaka mwisho, nikauzuia kwa nusu tofali. Lahaula! Mtangazaji amepata hewa. Sasa ana ua mzima nyuma yake. Ukimsikiliza unaona kabisa jinsi anavyojinafasi.

Nikamwita Kinyozi aje ajionee alichokitupa. Akaja na aproni yake. Nikamkalisha kwenye kiti changu. Akasikiliza wimbo mzima, akageuza kichwa hivi na hivi. Akakiri. Kweli, anasema, jamaa kasimama pale. Nilitamani nimrekodi!

Halafu akautazama ule mlango ulio wazi. Akageuka akautazama mlango wa chumba chetu. Akaniuliza, Mtaalamu, mzee akitoka anapita wapi? Nikamwambia kazi ya kinyozi ni nywele. Akasema si kwa ubaya, nauliza tu. Nikamwambia hata mimi si kwa ubaya, najibu tu. Akaondoka anatikisa kichwa.

Wivu. Nilikwishautabiri.

Jumatatu, 10 Machi

Babu ameanguka.

Mlango wa nyuma. Ngazi zote tatu. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika, na nyonga imeumia ingawa haikuvunjika. Daktari kasema ana bahati. Babu kamwambia daktari basi bahati hiyo ampe na mtu mwingine aonje.

Mimi nilikuwa chooni.

Nataka iandikwe hapa kosa ni la nani. Kwanza, fundi aliyejenga zile ngazi, hazilingani urefu. Pili, makubazi ya Babu, yamekwisha soli. Tatu, tofali. Nne, Kinyozi, maana kama angekuwa na kiti kimoja tu kwenye duka lake asingezichukia hizo spika. Tano, jua, lilikuwa kali. Babu haoni jua, lakini hata hivyo.

Aliyefika wa kwanza ni Kinyozi. Alivuka barabara na aproni, wembe mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja. Wakambeba mzee mpaka kwenye gari la huyo mteja. Gari likaondoka na mtu mwenye nywele nusu kwenye usukani, na watu wote wa mtaa wanatazama. Siku nyingine ningecheka.

Mama alirudi mapema, ananuka mvuke wa pasi. Akasimama sebuleni. Akatazama mlango, tofali, kiti changu. Akatazama juu ya friji. Maua ya plastiki yalikuwa yameanguka. Akayaokota, akachungulia tunduni, akayarudisha maua mahali pake, akayanyoosha moja moja. Akaenda kwenye rafu, akainua kitambaa. Akakishusha.

Hakunipigia kelele. Heri angenipigia. Aliniambia tu, wakati anatafuta shati safi la Babu, kwamba Shangazi nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Asije mzee akaitwa mwendawazimu kwa ajili ya vitu vyangu. Nikasema nitamwambia, Mama. Akasema leo. Nikasema leo, Mama.

Leo Shangazi alikuwa analia kwenye simu. Haukuwa wakati wake.

Jumatano, 12 Machi

Shangazi kaja kumchukua.

Nilipanga kumwambia akiwa anashuka garini, lakini alikuwa amebeba mto. Nikapanga kumwambia akinywa maji, lakini alikunywa upesi. Mama alikuwa ananitazama muda wote kama mtu anayesubiri maziwa yachemke.

Babu alikuwa tayari kitandani, kofia kichwani. Fimbo hawezi kuishika, mkono umefungwa plasta hadi kiwikoni. Nilimfunga kamba za viatu. Akaniambia, yule bwana wa mlangoni, leo mwambie aingie tu. Kiti kiko wazi.

Sikujua nicheke au vipi. Uso wake haukunisaidia.

Wakatoka naye kwa mlango wa mbele, Mama mkono wa kushoto, Shangazi mbele anafungua gari. Sasa, ng'ambo ya barabara, kwa Kinyozi, Mjane alikuwa kazini. Anakoroma kwenye besi kama kawaida yake. Babu akasimama. Akainua kidevu. Uso wake ukafunguka, sijauona hivyo tangu Jumatano iliyopita. Akajichomoa kwenye mkono wa Mama, akaanza kutembea. Moja kwa moja! Bila kupapasa, bila kusita. Hatua mbili, akawa barabarani.

Shangazi akamdaka shati. Akapiga kelele, Baba, gari liko huku! Babu akasema, redio yangu ile pale. Shangazi akamgeukia Mama, akamwambia, unaona, wifi? Unaona mwenyewe? Mama akanitazama mimi. Mimi nikatazama tairi la gari. Lilikuwa limekwisha kashata, yale meno ya mpira.

Kinyozi alikuwa kasimama kwenye kizingiti chake. Aliingia ndani, akazima. Nadhani alifikiri anasaidia. Babu akabaki katikati ya barabara amegeuza kichwa huku na huku, kama mtu aliyekatiwa simu. Kisha akamwachia Shangazi mkono wake, amwongoze. Kwa mara ya kwanza. Akaongozwa mpaka kwenye kiti cha nyuma, akafungiwa mkanda kama mtoto.

Shangazi amesema kama ni kuanguka tu, licha ya neno lake la mwaka jana, plasta ikitoka angemrudisha. Lakini kwa kichwa kile, hapana. Hata mkono ukipona, habanduki kwake.

Nilipunga mkono. Sijui nilikuwa nampungia nani.

Jumamosi, 15 Machi

Chumba kizima ni changu! Nimejaribu kitanda chake na changu. Vyote havilaliki.

Shangazi kapiga simu leo asubuhi. Babu anakaa pale anapowekwa. Kule kwake kila chumba kina televisheni, sauti zinatoka pande zote, hajui aende wapi, kwa hiyo haendi. Ameacha hata kutania. Kauliza jambo moja tu, kama anaweza kuletewa redio yake. Mama kaniambia nikaifuate, niipeleke mwenyewe, na nikifika niseme nililoagizwa kusema. Aliongea polepole, akinihesabia kwa vidole.

Nikavuka barabara nimejiandaa kwa mapambano. Hakukuwa na mapambano. Kinyozi akanikabidhi Mjane mikononi, bure, hata deni la kufagia kalifuta. Alikuwa amempangusa nywele zote kwenye tundu za mdomo kwa brashi ya kunyolea. Akasema, Mtaalamu, usipitie popote, nenda moja kwa moja.

Na ningekwenda! Nilikuwa na mguu mmoja nje. Lakini kwenye kiti cha kushoto alikuwa ananyolewa Fundi Friji wa mtaa wetu, na miguuni mwake kulikuwa na boksi. Nikauliza tu, kwa adabu, ndani mna nini.

Spika tano.

TANO! Mbili za mbele, mbili za nyuma, moja ya kukaa katikati. Sauti inatokea mpaka kisogoni! Kazipata kwa mteja, hana pa kuziweka, ana watoto wadogo. Yeye anachotaka ni kitu cha kupeleka karakana, chenye redio ndani, kisichohitaji simu. Nikamwangalia Mjane. Mjane akaniangalia mimi. Kinyozi akasema hapana, hapana, wewe kijana, hapana. Nikamwambia kazi ya kinyozi ni nywele.

Zile mbili mpya na Mjane nimempa Fundi Friji. Boksi liko hapa kitandani kwa Babu ninavyoandika. Na nimeshapanga. Babu lazima atarudi hata kwa kutembelea tu, na akirudi hatapata tabu ya kutafuta redio iko wapi. Itakuwa kila mahali! Popote atakaposimama atakuwa amefika. Ingefaa nipewe cheti. Shangazi nitamwambia kesho. Leo lazima nipime kuta kabla Mama hajarudi. Ile ya katikati, kwa hesabu zangu, lazima ikae juu ya mlango wa nyuma, na komeo itabidi nilitoe kabisa, linatetemeka.

Kila kitu kimekwenda nilivyopanga. Isipokuwa kitu kimoja, na si tofali, wala si makubazi.

Jumatatu sikuwa chooni. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, kwenye mstari ule ule. Babu akafika mlangoni kwetu, akainua kidevu. Mtangazaji alikuwa anasoma habari za bei ya mbolea. Babu akaanza kutembea, hakupapasa ukuta, akaja wima kama zamani. Alinipita karibu sana, shati lake likanigusa bega. Nikaona anamfuata mtangazaji. Hakuwa anakwenda kwenye rafu wala kwenye friji, alikuwa anakwenda pale pale katikati, hewani, ambapo hata mimi na Kinyozi tulimsikia. Nikasema moyoni, mzee naye amempata. Stereo imemkolea. Sikutaka kumkatiza.

Nilimtazama hatua tatu nzima, natabasamu. Ya nne haikuwa na sakafu.